Hilo Lipo Siku Zote

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na umeme ulikuwa umerudi kama dakika ishirini hivi. Ukifanya kazi na mashine ya ombwe, ile inayonyonya hewa yote chomboni, kwenye mji wenye umeme wa kubahatisha, unajifunza kukimbilia swichi kabla umeme haujabadili mawazo. Yule dada wa uzamili alikuwa tayari. Amevaa glavu, amefuta bamba la chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, vipande vyake vya kioo amevipanga kwenye kishikio kimoja kimoja kwa kibanio, kama mtu anayepanga visheti vya harusi. Kazi ya siku ile ilikuwa kuvukiza aluminiamu ili ivipake vioo vile utando mwembamba. Nikashika kuba ya kioo upande huu, akashika upande ule, tukaishusha taratibu juu ya gasketi, ile pete ya mpira inayozuia hewa.

Glavu yake ikanasa.

"Fundi, hapa pamemeguka."

Nikainama. Kwenye ukingo wa chini, upande wa nje, palikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele. Halikufika kwenye sehemu inayokalia gasketi. Kwa hiyo hewa isingepita. Nilijua hivyo kwa kutazama tu, na kujua huko kukanitosha.

"Hilo lipo siku zote," nikamwambia, nikabonyeza swichi.

Pampu ikanguruma, ikakohoa moshi wake wa oili kwenye bomba la dirishani, geji ikaanza kushuka. Saa saba mchana tulikuwa na sampuli nane zinazong'aa kama kioo cha saluni. Hakuna kilichopasuka. Tukaenda kula wali maharage.

Naandika haya wiki sita baadaye kwa sababu ya yale maneno manne.

## Gunia la mahindi kwenye kila kiganja

Mwanzoni nilidhani kinachonisumbua ni ile aibu ndogo ya mkubwa kuulizwa na mdogo. Nilikuwa kwenye daladala jioni ile, nimesimama, nimeshika bomba, nikajikuta napiga hesabu kichwani.

Kuba yetu ina kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 45. Huku pwani, hewa inakandamiza karibu kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba. Hewa ikiwa ndani na nje, hakuna anayeisikia. Toa ya ndani, ya nje inabaki peke yake na kazi yake. Kila eneo la ukubwa wa kiganja changu kwenye ile kuba linabeba gunia la mahindi la kilo 100. Kuta peke yake zinabeba zaidi ya tani nne. (Wenzetu wa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, wanabeba kama asilimia 82 ya hiyo. Sijawahi kuwaonea wivu kwa sababu nyingine yoyote ya kifizikia.)

Na nguvu iliyojificha humo, ile inayosubiri kuachiliwa, ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukianguka kutoka mita sita na nusu. Tofauti ni kwamba mfuko wa saruji unaanguka chini. Kioo kinapobonyea kwa ndani, vipande havitulii pale katikati. Vinapishana na kutokea upande wa pili.

Mimi na yule dada tulikuwa tumesimama upande wa pili, kila mmoja na wake, nyuso zikiwa kama nusu mita kutoka kwenye kioo, tunachungulia kama taa ya ndani inawaka.

Bila miwani.

Kizimba cha wavu wa chuma, kile kilichokuja na mashine ili kuifunika kuba, kipo. Kipo nyuma ya mlango. Tunatundikia makoti ya maabara na mwavuli mmoja usio na mwenyewe. Kiliondolewa kwa sababu kinazuia kuona vizuri, na nadhani aliyekiondoa alikusudia kukirudisha.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wa fizikia hulifanya, nami nimelifanya miaka mingi. Tunaiangalia geji ikishuka, namba zinazidi kuwa ndogo, na moyoni tunahisi hatari inakua kadiri ombwe linavyokuwa kali. Kwa hiyo mtu anakaa makini mwishoni, pale tunapokaribia sehemu moja kati ya laki moja ya milibari (hewa ya kawaida ni kama milibari elfu moja). Hesabu inasema kinyume. Geji ikifika milibari moja, tayari asilimia 99.9 ya mzigo uko juu ya kioo. Saa nzima inayofuata, ile ya pampu ya pili na subira, inaongeza kama kilo nne tu juu ya zile tani nne. Mzigo wote unaingia katika dakika chache za mwanzo, wakati sisi ndio kwanza tunasogeza viti na kutafuta kalamu.

Ndiyo maana jambo lolote la maana la kuangalia ni la kabla ya swichi. Nililijua hili. Nimelifundisha, hata.

## Tufe la meya

Kila kitabu cha fizikia cha sekondari kina wale farasi wa Magdeburg. Otto von Guericke, meya wa mji ule wa Ujerumani, anaunganisha nusu mbili za tufe la shaba nyekundu, ananyonya hewa, farasi wanane huku, wanane kule, wanavuta hadi wanatoka povu. Picha nzuri. Wanafunzi huipenda.

Kisichochorwa ni kilichotangulia. Guericke alianza na pipa la bia. Akalijaza maji, akayavuta kwa pampu, na ndani ya pipa kukasikika sauti kama ya kitu kinachochemka: hewa ikijipenyeza kwenye mbao. Akaachana na mbao, akatengenezesha tufe la shaba. Wanaume wenye nguvu wakawa wanavuta pistoni kwa tabu, na walipodhani karibu hewa yote imekwisha, tufe likabonyea kwa mshindo, likakunjamana kama kitambaa kwenye ngumi. Waliokuwepo walishikwa na hofu. Guericke alimtupia lawama fundi: hakulifanya duara kamili. Pale palipokuwa bapa kidogo ndipo hewa ilipopata pa kuingilia na bega lake.

Nikiisoma habari hiyo huwa namfikiria yule fundi wa shaba. Pengine alipitisha kiganja juu ya tufe, akasikia pale pabapa, akasema kwa Kijerumani chake cha karne ya 17: hapo pako hivyo siku zote.

Lakini shaba ni muungwana. Inakunja uso kabla haijakukasirikia. Kioo hakina hatua ya katikati. Kinabeba, kinabeba, kisha hakipo.

Miaka ya 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwa nini kioo halisi huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo kingepaswa kuihimili. Jibu lake lilikuwa nyufa ndogo za juu juu: mvuto wote unakusanyika kwenye ncha ya ufa, kama vile kitambaa kigumu kinavyokataa kuchanika hadi ukikate pindo kidogo kwa meno. Kila mama anayeuza khanga anaijua kanuni ya Griffith. Anatoboa kwa mkasi, anachana kwa mikono.

Na kuna jambo la pili ambalo lilinikalia vibaya zaidi. Kioo kilicho chini ya mzigo huchoka na muda. Mvuke wa maji ulio hewani unaingia kwenye ncha ya ufa na kuulegeza, ufa unatambaa polepole usioonekana. Kioo kilichohimili saa ya kwanza kinaweza kuvunjika saa ya tatu. Kilichohimili mwaka jana hakijatoa ahadi ya mwaka huu. Na sisi tunaishi pwani, mahali ambapo chumvi ya mezani inageuka tope.

Tarehe 12 Novemba 2001, nchini Japani, kwenye kituo cha Super-Kamiokande, tangi kubwa la kunasia chembe za nyutrino lilikuwa linajazwa maji tena baada ya matengenezo. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya macho 11,000 ya kioo, yaani vihisi vya mwanga, kila moja lina kipenyo cha sentimita 50 na ombwe tumboni. Jicho moja la chini likabonyea. Wimbi la mshindo likalivunja la jirani, la jirani likavunja la jirani, na katika muda mfupi zaidi ya 6,000 yalikuwa yamekwisha. Walipojenga upya, kila jicho walilivisha gamba la akriliki na nyuzi za kioo ili likivunjika, livunjike peke yake.

Yaani waliliwekea kizimba.

## Uchafu hukuumbua leo leo

Nilijitetea kwanza. Nilijiambia: mimi si mzembe. Njoo uone tunavyoandaa chemba yetu.

Hatushiki chochote cha ndani kwa mkono mtupu, maana alama moja ya kidole ina mafuta na maji ya kutosha kuiweka pampu kazini mchana kutwa. Gasketi inafutwa, inatazamwa, inapakwa grisi ya ombwe kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Anayepaka kama siagi kwenye mkate anarudishwa aifute. Oringi, zile pete za mpira za mabomba, zinakunjwa kidogo kati ya vidole kuona kama zimepasukapasuka. Skrubu za ndani zimetobolewa katikati, kwa sababu skrubu ya kawaida iliyofungwa kwenye tundu lisilo na mwisho hufungia hewa kidogo chini yake, na hewa hiyo hutoka kwa kuvizia, tone kwa tone, hadi jioni, nawe unazunguka na gesi ya heli ukitafuta tundu ambalo halipo.

Kuna mwaka mwanafunzi alifunga kishikio kwa skrubu ya dukani, ile inayong'aa kwa zinki. Kiboti cha tangsteni, kijisahani cha kuyeyushia aluminiamu, kilipopata moto, zinki ikapanda hewani kabla ya aluminiamu haijayeyuka, ikapaka kila kitu kijivu. Sampuli, geji, kuta, hata heshima yake. Tulisugua siku tatu.

Nilikuwa nayasema haya yote kwa mke wangu, naye anachambua mchele, akaniuliza swali moja tu: "Na hicho kioo mnakiangalia saa ngapi?"

Nikaanza kujibu. Nikaona sina sentensi.

Uchafu tunauogopa kwa sababu unakuumbua leo leo: geji inagoma kushuka, sampuli inatoka na madoa, msimamizi anauliza. Uimara wa kioo haubadilishi matokeo hata kidogo. Kuba yenye pengo inatoa aluminiamu nzuri sawasawa na kuba nzima. Hakuna namba yoyote kwenye ripoti ambayo ingekuwa tofauti siku ile ya Jumanne. Tumejifunza kuangalia kile kinachotupiga makofi, na kile kinachonyamaza tumekipa jina la rafiki wa zamani.

## Safu iliyofutwa

Wiki ya pili nilitaka kujiridhisha kwamba pengo ni la zamani. Nilikuwa na hakika nalo. Mashine ina daftari tangu ilipofungwa, na kabla yangu ilitunzwa na mzee mmoja aliyenifundisha kazi, mtu wa Upareni, mkali kwa wino: ukiandika kwa penseli anakurudishia. Alistaafu 2014.

Nikashusha madaftari kabatini, nikapuliza vumbi.

Kila mstari wa mzee una tarehe, jina la mtumiaji, muda wa kuwasha, ombwe lililofikiwa, mkondo wa umeme wa kiboti. Mwishoni kabisa, kwenye safu nyembamba aliyoichora mwenyewe kwa rula, kuna neno moja.

Kuba: safi.

Kuba: safi. Kuba: safi. Kuba: safi, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, mwandiko uleule uliolalia kushoto. Mara moja, 2009, "kuba: mkwaruzo mdogo juu, haunasi ukucha". Wiki iliyofuata, "mkwaruzo uleule". Kisha safi tena, na kwenye mabano, "ulikuwa grisi".

Nilicheka peke yangu pale. Mzee aliikimbiza grisi wiki nzima.

Halafu 2015 karatasi zinabadilika. Daftari la mkono linakwisha, zinaanza fomu zilizochapwa kwa kompyuta, safi, zimenyooka, nembo juu. Safu ya kuba haipo.

Fomu ile niliitengeneza mimi.

Nakumbuka kabisa nilivyofikiri. Safu ambayo siku zote inasema neno lilelile haina habari yoyote, inakula nafasi. Nikaifuta, nikapanua ya "Maoni", ambayo tangu siku hiyo imekuwa ikiandikwa "Sawa" au haiandikwi kitu.

Kwa hiyo "siku zote" yangu ilikuwa inaanza 2015. Pengo halikurithiwa. Limetokea mikononi mwangu, siku nisiyoijua. Pengine kuba iligonga bomba ikiwa inashushwa, pengine spana ilianguka, na aliyekuwepo akaona haya kusema, au alisema nikamjibu vilevile.

## "Pengo gani?"

Nilikaa na jambo hilo siku nne kabla ya kupiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea wewe! Mashine haijambo?"

Aliuliza mashine kabla hajauliza wanangu. Tukaenda kwenye mvua, tangawizi, goti lake, mjukuu aliyechaguliwa kidato cha tano. Mwisho nikajikaza.

"Mzee, lile pengo kwenye ukingo wa kuba, ulikuwa unalijua?"

Kimya kidogo. Jogoo akawika upande wake.

"Pengo gani?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Alianza kunielekeza, kana kwamba nimeanza kazi jana, na nilivyokuwa nimechoka kuwa mkubwa niliona raha. Zima taa ya chumba, alisema. Weka karatasi nyeusi nyuma. Tochi uiweke pembeni, mwanga upite sambamba na kioo. Ukimulika usoni huoni kitu. Zungusha kuba, usizunguke wewe, maana ukizunguka wewe unachoka, ukichoka unaruka sehemu. Kisha ukingoni pitisha ukucha mzima, duara lote. Ukucha ukinasa, simama hapo.

"Na ulikuwa unafanya hivyo kila mara?"

"Sasa ningeandikaje 'safi' bila kuangalia?"

Sikumwambia nani alifuta safu. Mzee, kama mjukuu anakusomea hii, basi ndiyo hivyo.

## Tochi ya pembeni

Nilifanya jioni, peke yangu, baada ya wanafunzi kutoka. Taa nimezima, karatasi nyeusi ni bahasha ya filamu ya eksirei ya zamani, tochi ni ya simu. Nikaivua kuba, nikaiweka juu ya taulo lililokunjwa, nikaanza kuizungusha.

Juu, safi. Katikati, michubuko ya kawaida ya kusuguliwa, haishiki ukucha. Nikafika kwenye pengo. Kwa mwanga wa mbele lilikuwa lilelile, punje ya mchele. Nikaishusha tochi pembeni.

Kutoka kwenye ncha ya pengo, ndani ya unene wa kioo, uliinuka mstari. Mwembamba kama unywele, mrefu kama sentimita mbili, unang'aa ukitazamwa hivi, unatoweka ukiinamisha kichwa kidogo tu. Niliinamisha kichwa mara nyingi. Nilitaka utoweke ubaki umetoweka.

Ulikuwepo Jumanne ile? Ulikuwa na urefu gani? Sina cha kulinganisha nacho. Ningekuwa na safu ya mzee ningejua. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kuweka alama ya wino kwenye mwisho wa ufa na kuandika tarehe, jambo ambalo lilinipa nafuu ya kijinga, maana alama ile ingekuwa na faida tu kama ningeiwasha tena mashine.

Na nikiri: niliwaza kuiwasha. Mara moja tu, kwa kizimba, kwa miwani, nikiwa nje ya mlango, ili yule dada amalize sampuli zake za mwisho. Nilikuwa nimeshakitoa kizimba nyuma ya mlango, makoti nimeyatupa juu ya kiti. Kilichonizuia hakikuwa ujasiri wala hekima. Umeme ulikatika.

## Kuwasha na kuzima

Tukiwa kwenye umeme, niseme hili haraka kwa wale wanaoandaa mashine kama yetu, maana nimeona watu wakijiandaa kuwasha bila kujiandaa kuzima.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, pampu ya kwanza inasimama huku upande mmoja una ombwe na upande mwingine una hewa na oili. Kama hakuna vali inayojifunga yenyewe, oili inavutwa kurudi juu kwenye bomba. Imeshatukuta, tulikuta ziwa dogo la rangi ya chai kwenye bamba la chini. Pampu ya pili, ile ya mvuke wa oili, inakuwa bado ni ya moto wakati maji ya kuipooza yamesimama pamoja na umeme. Ukiifungulia hewa ikiwa katika joto lile, oili inaungua. Kwa hiyo kabla sijawasha, mkono wangu unapita kwenye vali kwa mpangilio wa kuzimia, kama mtu anayejua mlango uko wapi kabla hajaingia ukumbini.

Halafu kurudisha hewa. Chemba imetengenezwa kukandamizwa kutoka nje. Haipendi kusukumwa kutoka ndani. Mtu anafungulia naitrojeni ya mtungi kwa haraka, nati za mfuniko bado zimekazwa, hakuna vali ya usalama, na chombo kilichohimili tani nne za nje kinatupa dirisha lake kwa mgandamizo mdogo wa ndani. Mtungi wa gesi ni wa kuangaliwa asubuhi, pamoja na kioo, kabla hujachoka na kutaka kwenda nyumbani.

Na swichi za umeme mkubwa zisiguswe hewa ikiwa ya katikati, haijakwisha wala haijajaa. Hewa nyembamba kiasi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko hii tunayopumua. Nimeona cheche za zambarau zikitembea mahali ambapo kwa hewa ya kawaida zisingethubutu.

Basi. Nirudi kwenye kuba.

## Ishindwe leo?

Sehemu ngumu haikuwa kuuona ufa. Sehemu ngumu ilikuwa kusema.

Kuba mpya inaagizwa nje, kwa fedha za kigeni, na ina miezi yake njiani. Pengo la ukingoni peke yake fundi wa kioo anaweza kulisaga likalainika, lakini ufa uliokwisha kupanda hausagiki. Nikaandika barua. Kwenye kikao mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Imeshika miaka yote hiyo, ishindwe leo?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa na Griffith kichwani, nilikuwa na tani nne, nilikuwa na mvuke wa maji. Nilichosema ni, "Sijui kama ni leo." Kikasikika dhaifu. Nikaona kwenye nyuso zao kwamba nimeshindwa, na nadhani mimi mwenyewe wiki tano kabla ningekuwa upande wao, tena ningeongeza utani.

Yule dada ndiye aliyeumia. Sampuli zake nne zilizobaki zimesimama, na ada haisimami. Nilipomwambia hakunikasirikia, ingawa ningependa angenikasirikia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo siku ile ningenyamaza, tungekuwa tumeshamaliza?"

Nilimwambia ndiyo, pengine mngekuwa mmeshamaliza.

Tumempatia siku mbili kwenye chemba ya chuma ya taasisi nyingine, mwezi ujao. Atabeba vioo vyake kwenye basi, mapajani.

Fomu nimechapa upya. Safu imerudi, pale pale mwishoni, nyembamba. Mstari wa kwanza nimeandika kwa wino: "Kuba: pengo ukingoni, ufa sm 2, haijawashwa." Safu haikutosha, maneno yakamwagikia pembeni.

Kuba yenyewe iko juu ya kabati, kwenye boksi lake, na karatasi imeandikwa USITUMIE. Ijumaa mama anayetusaidia usafi aliniita.

"Fundi, hili likioo mnalitupa?"

"Linasubiri kuandikiwa, mama."

"Nipe mie basi, niwafugie wajukuu samaki."

Nikamwambia lina ufa. Akapanda kwenye stuli, akavuta boksi, akapitisha kidole gumba pale ukingoni, akatazama kwa jicho moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu?" akasema. "Mbona hauvuji huu."